Shangazi, nilikoleza jina tu kwenye grupu la harusi, sasa ami yangu hasemi na mimi

Assalaam aleikum Shangazi,

Naomba unisaidie manake usingizi sipati na hapa nyumbani mamangu ashaanza kuniitikia salamu kwa pua. Mimi ni msichana wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu, kakangu aoa mwezi ujao inshallah, na kamati ya harusi imefungua grupu la WhatsApp, jamaa wote wamo, wa Amu, wa Shela, wa Matondoni, wengine wako Mombasa na wengine Oman. Mimi nikafanywa katibu. Sikuomba, nilifanywa, ati kwa sababu nataipu haraka na bando halinikatikii.

Sasa mimi nna mtindo wangu. Naandika kapitali tupu mwanzo hadi mwisho. Si kwa ubaya wallahi, ni kwamba mle ndani kuna wazee macho yao hayaoni vizuri, nkasema nikiweka herufi kubwa watasoma bila kutafuta miwani. Na jambo la muhimu naliweka boldi, ile ya nyota mbili, ili mtu akipitia haraka haraka alione. Na mwisho naweka alama za mshangao kadha manake usipoziweka hakuna anayejibu, utaona tiki za buluu na kimya.

Ijumaa iliyopita watu wakanishika kuhusu mbuzi. Mbuzi wamenunuliwa? Mbuzi wangapi? Mbuzi watoka wapi? Na mimi habari ya mbuzi siijui, pesa za mbuzi anazo ami yangu, yeye ndiye ajuaye wachungaji. Nikachoka nkaandika hivi, nakunakilia kama ilivyo:

JAMANI PESA ZA MBUZI ALIPEWA *AMI BAKARI*!!! MSINIULIZE MIMI!!!

Shangazi, hiyo meseji ina ubaya gani? Ni kweli alipewa, kila mtu yuajua alipewa, na jina nililikoleza ili wajue wa kumuuliza ni nani. Mara mke wa ami akaandika "Sawa." Hivo tu, na nukta yake. Hiyo nukta iliniingia tumboni. Nikafungua haraka nikaihariri ile meseji, jina nikalipitishia ule mstari wa kukata katikati, nilidhani nimelitoa. Kumbe ndio nimelitonesha. Binamu yangu wa Shela akanitumia skrinshoti akaniuliza, "Sasa ami ushamfuta kwa ukoo?"

Usiku ami akatoka kwenye grupu, bila neno. Asubuhi mkewe akaweka kwa stetasi picha ya leso yake mpya, yaani kanga, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Kapitali zote! Sasa mbona yeye hakuna anayemwambia apiga kelele?

Na kuna jambo jengine dogo, sijui kama lahusika. Mwanzo wa wiki nilikuwa nimeweka orodha ya mchango, waliotoa nikawawekea tiki ya kijani, ambao bado eksi nyekundu. Ami alikuwa hajatoa wake. Lakini ile ni orodha tu.

Niambie kosa liko wapi, na kama vialama kweli vyaweza kugombanisha watu wa damu moja. Nimuandikie nini ami? Niache ukatibu? Na pia, boldi yangu mara nyengine yakataa, zabaki nyota zimekaa pale kando ya neno, kwa nini?

Katibu asiyeutaka ukatibu, Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa harusi ya kakako, Mungu aitie baraka.

Nianze na hilo uliloliita dogo. Hiyo orodha wewe waiona hesabu, lakini mtu mzima wa Amu akifungua simu akaona jina lake limepigwa eksi nyekundu mbele ya wapwa na wakwe na watu walioko Oman, kwake hiyo ni kutangaziwa deni msikitini. Ungeacha mahali patupu mbele ya jina kila mtu angeelewa kuwa bado, na yeye mwenyewe angeelewa, na hakuna ambaye angeweza kusema umemwambia kitu. Kwa hivo ile meseji ya mbuzi haikumfikia mtu ambaye roho yake imetulia, ilimfikia mtu ambaye alikuwa akiishi na eksi tangu mwanzo wa wiki. Soma sasa meseji yako kwa macho yake: mchango hajatoa, na pesa za mbuzi anazo yeye. Hukuandika hivo, najua. Ila maandishi yako mawili yalikutana kwenye simu moja yakasemezana, na wewe hukuwepo kuyaamua.

Haya, tuje kwenye nyota. Watu wengi hudhani boldi ni ya kuongeza neno nguvu tu, neno likiwa muhimu lipe boldi, likiwa muhimu sana lipe na kapitali. Sivyo inavyosomwa. Boldi huchagua. Ukikoleza neno moja ndani ya sentensi msomaji hakai kujiuliza neno lenyewe maana yake nini, hujiuliza kwa nini hili na si lile. Chukua sentensi yako hiyo hiyo, toa kelele zote, halafu hamisha nyota uone:

*Pesa za mbuzi* alipewa Ami Bakari. Hapa mimi nasikia kuwa za mchele alipewa mtu mwengine, mambo yanakwenda, hakuna neno.

Pesa za mbuzi *alipewa* Ami Bakari. Hapa tayari kuna kesi, kuna mtu amesema hajapewa na wewe wakaza kuwa amepewa na ushahidi upo.

Pesa za mbuzi alipewa *Ami Bakari*. Hapa ni yeye, si mimi si wewe, mshikeni yeye. Na ukimalizia na "msiniulize mimi" basi umeshajitoa wewe ukamwacha yeye peke yake pale katikati.

Herufi ni zile zile. Na ungekuwa ukumbini na jamaa, mtu akakuuliza mbuzi, ungejibu "aa mbuzi muulize ami" ukiendelea kumenya vitunguu na hakuna ambaye angegeuza shingo. Lakini wakati wataipu ile sauti yako ya kuchoka, ya mtu aliyeulizwa mbuzi tangu asubuhi, uliisikia vizuri sana kichwani mwako, ukadhani imetoka pamoja na maandishi. Haikutoka. Kuna watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao, mwaka 2005 walichapisha utafiti ambapo watu walitumiana sentensi, nyengine za kejeli na nyengine za kweli, wengine kwa imeili wengine kwa sauti. Wote walitarajia wenzao watazitambua kama mara 78 kwa 100. Waliosikiliza sauti walipatia 73, si mbali. Waliosoma imeili walipatia 56, na ukirusha sarafu tu wapata 50. Yaani mwandishi yuko na uhakika ule ule, msomaji ndiye yuko gizani. Na gizani mtu hujaza mwenyewe, ami yako alijaza eksi.

Halafu, samahani nikuguse kidogo, nusu ya madhara hayakuletwa na nyota, yaliletwa na "alipewa". Alipewa lini? Sasa ziko wapi? Hilo neno lataka kuendelea. Ungesema "pesa za mbuzi ziko kwa Ami Bakari" zingekuwa zimekaa, zimetulia, ziko mahali pa amani. Kiswahili kina njia zake za kutia uzito kabla hujafika kwenye nyota: kuna ndiye na ndio, kuna "tu", kuna "hata", kuna kutanguliza jambo mbele ya sentensi, kuna kurudia neno, na kila moja ina kiasi chake. Wewe mwenyewe kwenye barua yako umeniandikia "yeye ndiye ajuaye wachungaji", umemsifu ami kwa sentensi nzuri isiyo na alama hata moja, na hiyo ndiyo ungeipeleka kule kwenye grupu badala ya kuniletea mimi.

Sasa kapitali. Nia yako ya kuwahurumia wazee ni nzuri na nakuombea thawabu, lakini kuna njia bora. Maandishi marefu ya kapitali tupu husomeka polepole zaidi kwa wengi wenye macho mazima, herufi zote zimelingana kimo, hakuna inayopanda hakuna inayoshuka. Mzee asiyeona vizuri mfungulie simu yake, kwa setingi za WhatsApp au za simu yenyewe kuna mahali pa kukuza maandishi, chagua makubwa, basi, kazi ya dakika moja ambayo itamsaidia kwa meseji zote si zako peke yake.

Ubaya wa pili wa kapitali wewe wa Amu ungepaswa kuujua kuliko mimi. Ni neno gani huja juu kabisa kwenye simu alfajiri, kapitali na boldi? TANZIA. Mtu akiliona moyo hushuka kabla hajasoma jina, na ndivyo inavyotakiwa, lile limestahiki. Sasa wewe ukiandika habari ya soda na sahani kwa umbo lile lile la tanzia, watu kila siku waamka na roho mkononi, halafu wakizoea hawashtuki tena hata kwa msiba wa kweli. Waona zile alama zako za mshangao ziliongezeka zikafika ngapi na bado hujibiwi?

Wenye kazi ya kutangaza mambo ya hatari wenyewe waliliona hili. Idara ya hali ya hewa ya Marekani kwa miaka na miaka ilitoa taarifa zake zote kwa kapitali, sababu yake haikuwa ukali, zilipitia mitambo ya teleprinta, ile ya kuchapa habari zinazokuja kwa waya, ambayo herufi ndogo haikuwa nazo. Mitambo ikaisha, mazoea yakabaki. Tarehe 11 Mei 2016 wakaanza kuacha, wakasema kapitali sasa tutaziweka pale penye hatari hasa, watu wazione. Mfikirie nahodha aliye Kizingitini asoma habari ya upepo wa kusi, kama kila mstari wapiga ukelele ajuaje ni mstari upi wa kumzuia asitweke tanga.

Na usidhani ni mambo ya vijana na simu zao. Huko New Zealand mhasibu mmoja mwanamke alifukuzwa kazi mwaka 2007, mojawapo ya malalamiko ni imeili zake kwa wenzake, mara kapitali, mara boldi, mara rangi nyekundu, ati zaleta ugomvi ofisini. Imeili moja iliyoletwa kama ushahidi ilikuwa yaeleza namna ya kujaza fomu tu. Alishtaki, na mwaka 2009 akashinda, akalipwa dola 17,000 za huko. Waliomfukuza walikosea, ndivyo ilivyoamuliwa, lakini wewe tazama jambo lenyewe, fomu! Hakutukana mtu. Rangi na unene wa herufi vilitosha kuwafanya watu wazima waende mbele ya sheria.

Wauliza basi mbona leso ya mke wa ami ni kapitali zote na haipigi kelele. Swali lako zuri sana hili, lilinifanya nicheke peke yangu. Leso zote zimeandikwa kapitali mwanangu. Zamani maandishi yake yalikuwa ya herufi za Kiarabu, baadaye yakawa haya ya kizungu, na tangu hapo ni herufi kubwa kutoka pindo hadi pindo, mpole kapitali, mkali kapitali, ya kumpa mama zawadi kapitali, ya kumpiga mke mwenza kijembe pia kapitali. Kitu ambacho kila mtu anacho hakisemi kitu. Ukelele wa leso hauko kwenye herufi, uko kwenye kuichagua ile na si nyengine, kuivaa siku ile, kupita mlango ule. Na yeye alipoiweka kwa stetasi ile asubuhi, hapo ndipo alipokoleza. Hakutia nyota hata moja na mtaa mzima wa Langoni umesoma jina lako, ambalo halikuandikwa. Huyo ndiye mwandishi kwenye hiyo familia, ningekuwa wewe ningemfanya yeye katibu.

Na kabla herufi za kizungu hazijaja, hapa Amu na Pate na Siyu watu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na herufi hizo hazina kubwa na ndogo. Huwezi kupiga kelele kwa kapitali ambayo haipo. Walitumia nini? Wino mwekundu, nao kwa uchache, kwa kichwa cha maneno au alama ya kugawa, mweusi ukibaki kwa maneno yenyewe. Na barua ilianza "ila janabi", yaani kwa mheshimiwa fulani, kisha heshima, kisha dua, kisha hali ya wa nyumbani, ndipo shida itajwe, mtu afike kwenye shida ameshalainika. Kwenye tenzi neno zito liliwekwa penye kina, mwisho wa kipande, ambapo sikio litasimama lenyewe. Meseji yako ilianza na "JAMANI". Hata salamu!

Alama hizi hazikuzaliwa na maana zake, watu ndio huzipa, na hubadilika. Hizi herufi za mlazo tunazolalisha leo ili tukaze neno, zilipoanza kuchapishwa kule Venice kwenye kitabu kizima mwaka 1501 kwa mchapaji Aldus Manutius hazikuwa za kukaza chochote, zilikuwa za kuandika kurasa zote, kwa vitabu vidogo vya kushika mkononi. Kukaza kulikuja baadaye. Ndio maana hata huwezi kumwambia ami "lakini nyota maana yake ni hivi", haina maana aliyoikubali yeye, umri wake wote alisoma magazeti na barua, boldi kwake ni kichwa cha habari, na jina la mtu kwenye kichwa cha habari mara nyingi si kwa heri.

Hiyo nukta ya "Sawa." nakuomba uiache. Najua kwenu vijana nukta mwisho wa meseji fupi ni kununa, na si uongo wenu, chuo cha Binghamton huko New York walilipima jambo hili, utafiti wao ukatoka mwaka 2015, wanafunzi waliona jibu la neno moja lenye nukta halina moyo kama lile lisilo nukta. Lakini jibu lile lile walipoonyeshwa limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikuleta tofauti. Na mke wa ami yako amesoma wakati ambao ukisahau nukta wapigwa rula. Yawezekana alisema sawa, basi, akarudi jikoni. Kilichomkasirisha kilikuja baada ya hapo, na ulikileta wewe kwa ule mstari.

Ule mstari wa kukata, mwanangu, haufuti. Kazi yake yote ni kuonyesha kuwa hapa palikuwa na kitu na mimi nimekikataa, na kitu chenyewe bado kinasomeka. Mwenye duka huutumia kwa bei ya zamani ili uone amekupunguzia. Ukimkata ami wa watu kwa mstari huo ukamwacha aning'inie pale, na chini yake WhatsApp ikaandika kuwa meseji imehaririwa, ambao hawakuiona mara ya kwanza sasa wameiona. Ulikuwa bado na ile robo saa ya kuhariri kwa hivo ungeweza kuandika sentensi mpya kabisa, au ungeifuta kwa wote, watu wangeona imefutwa wakauliza kidogo wakasahau.

Sasa la kufanya. Kwanza usimuandikie ami kitu. Si meseji, si meseji ndefu ya kumuelezea boldi ni nini, na tafadhali si tangazo la msamaha kwenye grupu ambalo yeye mwenyewe hayumo. Umegombana naye kwa maandishi, maandishi yamemaliza kazi yake. Baada ya Alasiri, akisharudi kutoka msikitini, nenda kwake, na ukiweza nenda na mamako, chukua visheti au chochote kilichopikwa, umpe mkono, uulize hali. Usianze na mbuzi. Yeye mwenyewe atafika kwenye mbuzi, wazee wetu hawawezi kunywa kahawa ya pili bila kufika. Hapo umwambie kwa mdomo wako: ami, watu waniuliza mimi jambo ambalo wewe ndiye ulijuaye, nisaidie uwaambie wewe. Uone hiyo "ndiye" itakavyokaa tofauti na nyota zako. Na mkewe msalimie kabla yake, na leso usiitaje, ukiitaja umekiri kuwa imekufika.

Akikubali, mwombe atume voisi fupi ya mbuzi mwenyewe, mtu mwengine wa kamati amrudishe ndani, asiwe wewe, na akirudi usiandike KARIBU TENA AMI na maua. Nyamaza. Arudi kama aliyetoka kwenda sokoni.

Ile meseji ungeiandika hivi, na utaiandika hivi mara nyengine:

Assalaam aleikum jamaa, natumai hamjambo nyote. Harusi yakaribia alhamdulillah. Habari za mbuzi ziko kwa Ami Bakari, yeye ndiye mjuzi wao, mwenye swali ampigie. Mchango twapokea hadi *Ijumaa baada ya Magharibi*. Waliotoa Mungu awazidishie, na wanaojiandaa awafanyie wepesi.

Koleza mahali pamoja tu, napo pawe kwenye saa, saa haina mke wala stetasi. Jina la mtu usilikoleze kamwe isipokuwa wampongeza au amefariki. Na nyota zinazokataa ni kwa sababu waacha nafasi, lazima nyota ya kwanza igusane na herufi ya kwanza na ya mwisho igusane na ya mwisho, ukiweka nafasi katikati WhatsApp haikuelewi. Sikuambii haya ili uzitumie zaidi.

Ukatibu usiache, harusi iko karibu na hakuna mwengine atakayekubali, nakuhakikishia. Ila orodha ya mchango itume upya leo, majina kwa alfabeti, waliotoa waandikie "imefika", wengine acha patupu. Ami akikupa wake pale pale kibarazani, na atakupa, muandikie "imefika" kama wengine wote, bila tiki ya kijani.